Kumwandika binti anayeitwa mchawi

Kabla hujampa binti wa hadithi yako uchawi, mpe neno "sitaki". Rasimu yangu ya kwanza ilifia hapo: nilianza na binti akipaa usiku, na msomaji hakuwa na sababu ya kumhofia wala kumpenda. Nilipoandika upya, alikataa kumsalimia mposaji aliyeletwa na baba yake. Basi. Siku ya tatu mposaji akashikwa na homa.

Sasa amua nani atatamka "mchawi", na lini. Usimwachie msimulizi. Mpe mtu aliyeumizwa na ule ukaidi. Mimi nilimpa mama wa mposaji. Lipande taratibu, jinsi linavyopanda midomoni mwa watu: kwanza "hakanyiki", kisha "ana macho makavu", kisha "huyu mtoto si bure", ndipo neno lenyewe. Kiswahili kina mtego wake: mchawi wetu hana jinsia. "Mchawi amepita" haikuambii kama ni mjomba au binti. Kwa hiyo uonevu uonekane kwenye matendo. Kaka yake afanye ujeuri uleule, asifiwe kuwa dume.

Wasichana wenzake usiwafanye maadui tu. Kwenye kesi za uchawi za Salem, Marekani, mwaka 1692, waliougua kwanza na kutaja majina walikuwa Betty Parris wa miaka 9 na Abigail Williams wa miaka 11, watoto waliolelewa kukaa kimya. Ghafla wakubwa wakawa wanawasikiliza! Ukiielewa ladha ya kusikilizwa vile, utaweza kumwandika mshtaki kwa huruma. Miongoni mwa watatu wa kwanza kushtakiwa alikuwamo Tituba, mtumwa wa nyumba ya Betty. Watu 19 walinyongwa. Tituba alikiri, akanusurika. Mwaka 1986 mwandishi Maryse Condé alimpa Tituba riwaya nzima aisimulie mwenyewe, kwa "mimi". Jaribu: andika ukurasa wa shtaka kwa "yeye", kisha uurudie kwa "mimi". Kwangu, aibu yote ilihama kutoka kwa binti ikawaangukia waliomzunguka.

Uchawi wenyewe, ukiutia, uwe wa mikono: jani gani, linachumwa lini, linanuka vipi. Aya moja yatosha.

Kisha mwisho. Usimwoze wala usimchome kwa sababu tu kurasa zimekwisha. Wangu anagongewa mlango usiku na mama yuleyule wa mposaji: homa imerudi, anaomba dawa. Binti hana dawa yoyote. Nilikaa na mlango ule wiki mbili kabla sijajua kama atafungua.