Laptopu moja inatosha: kufundisha sakiti kwa walimu tunaoanza

Walimu wenzangu wa Tanga na kwingineko, kama shule ina laptopu moja na projekta imekaa tu kabatini kwa mkuu, anza na hizo hizo. Usihangaike kujifunza programu kumi kwa mpigo, chagua topiki moja ambayo kila mwaka inawatesa wanafunzi. Mimi nilichukua umeme, zile sakiti, yaani njia za umeme, zenye taa za mfuatano (zote kwenye njia moja) na sambamba (kila taa na njia yake).

Tafuta PhET, ni majaribio ya kwenye skrini ya Chuo Kikuu cha Colorado kule Marekani, yapo tangu 2002, ni bure na mengine yana Kiswahili. Ukiwa na bando nyumbani fungua lile la sakiti, bonyeza alama ya kupakua, linashuka faili moja linalofunguka kwenye Chrome bila intaneti. Pakua kabla jamani! Mara ya kwanza nilitegemea hotispoti ya simu, kipindi cha dakika 40 kikaishia kwenye kale kaduara kanakozunguka, na watoto walikuwa wameshakaa mkao wa kula, iliniuma sana.

Halafu jaribu mapema kwenye darasa lenyewe, saa ile ile ya kipindi. Jua letu hili likipiga dirishani picha haionekani, nilifunga kanga mbili ndo ikakaa sawa. Ukitaka kutumia simu, kumbuka sio kila yenye tundu la Type-C inatoa picha kwenye projekta. Laptopu iwe na chaji ya kutosha, umeme ukikatika waite kundi kundi waje kwenye skrini ya laptopu.

Sasa hapa ndo penye kazi. Usibonyeze kitu kabla hawajatabiri. Uliza, nikiongeza taa ya pili kwa mfuatano mwanga utapungua au utabaki vile vile? Kila mtu aandike kwenye daftari, ndo uunge, waone miale ya mwanga kwenye taa inavyofupika, wabishane, alafu uhamishe ile taa iwe sambamba. Mwanafunzi ndo ashike mausi, we kaa pembeni. Mmoja ataunganisha waya moja kwa moja kwenye betri na itawaka moto pale kwenye skrini, darasa zima litapiga kelele, waache, ila waambie betri ya kweli wasiifanyie hivyo.

Dakika 15 za mwisho zima projekta, wape betri za tochi, waya na globu waunge wenyewe. Waulize kwa nini globu hii inafifia ikikaa muda na ile ya kwenye skrini haifanyi hivyo.