Somo: Kuotesha ua la Usambara kwa jani moja

Ua hili linajulikana zaidi kwenye madirisha ya Berlin na London kuliko Muheza, na kwao hasa ni huku. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani Tanga, alipeleka mbegu zake kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia ionantha. Siku hizi, baada ya kuchunguza vinasaba, wataalamu wamelihamishia kwenye jenasi (kundi la mimea ya karibu) ya Streptocarpus, ila wauza maua bado wanatumia jina la zamani.

Mmea ni mfupi. Majani ni manene, yana manyoya laini, nayo hujipanga duara karibu na udongo. Maua ya porini ni ya zambarau au buluu, na katikati utaona vifuko viwili vya chavua vya njano. Mwituni huota kwenye nyufa za miamba yenye kivuli na unyevu: Usambara Mashariki, Nguru, Uluguru, hadi pwani ya Kilifi kwenye mawe ya chokaa. Kuna aina moja iliyopo msitu wa Mbololo tu, kule Taita. Kumbuka huo mwamba wenye kivuli, maana karibu kila kosa la kulitunza hutokana na kuusahau.

1. Omba jani kwa mwenye mmea, au nunua mmea bustanini. Chagua jani lililokomaa, si la nje kabisa lililochoka wala changa la katikati.

2. Likate kwa wembe safi, ubakize kikonyo cha sentimita 3 hivi, mkato uwe wa mshazari.

3. Changanya mboji ya majani iliyooza vizuri, nyuzi za makumbi ya nazi na mchanga wa mto uliooshwa. Udongo wa shambani peke yake hushikamana na kuozesha mizizi. Kopo la mtindi lililotobolewa chini linatosha kabisa.

4. Chomeka kikonyo, jani lenyewe lisiguse udongo. Funika kwa mfuko wa plastiki unaopenyeza mwanga, uweke mahali penye mwanga bila jua la moja kwa moja.

5. Mizizi huchukua wiki 3 au 4. Miche midogo huchomoza chini ya jani baada ya miezi miwili au mitatu. Usiwe na haraka ya kufukuafukua. Ikifika sentimita 3, itenganishe, kila mmoja na kopo lake.

6. Mwagilia kwa kisahani: weka maji chini ya kopo, subiri nusu saa, mwaga yaliyobaki. Acha udongo wa juu ukauke kabla ya kurudia. Mimea mingi ya aina hii huuawa na maji, si kiu.

Maswali ya wanachama

Nipo Dar, joto litaniruhusu?
Litakusumbua. Linapenda nyuzi 18 hadi 26. Liweke dirisha la mashariki, chumba chenye hewa, na usitarajie maua mengi Januari na Februari. Lushoto au Arusha mna raha zaidi.

Majani mazuri, maua hakuna. Kwa nini?
Mara nyingi ni mwanga mdogo. Sogeza karibu na dirisha. Ukiona majani yanapauka, umezidisha.

Madoa meupe juu ya majani ni ugonjwa?
Huenda ni maji baridi yaliyodondokea. Tumia maji ya vuguvugu, tena kwa kisahani. Ila ukiona vitu vyeupe kama pamba kwenye vikonyo, hao ni wadudu: wafute kwa pamba yenye spiriti na utenge mmea huo.

Naenda Amani mwezi ujao, nichume jani moja tu msituni?
Usichume. Ile ni hifadhi, na baadhi ya aina zimebaki kwenye miamba michache. Piga picha, jani ulipate bustanini.

Nina paka, ni sumu?
Si sumu kwake. Shida ni kwamba atalala juu ya kopo.