Somo: Kufuata msafara wa sungusungu bila kuuvuruga

Sungusungu mweusi (mdudu wa jamii ya sisimizi, Megaponera analis) hawindi kingine ila mchwa wanaofuga kuvu. Miombo ya Tabora inao tele, ila watu wengi humkimbia kabla hawajamtazama.

1. Toka kabla ya saa tano asubuhi, au kuanzia saa tisa alasiri. Jua kali likiwaka hawatoki. Usianzie kwenye kichuguu. Tafuta vijiti na majani makavu yaliyopakwa tope jembamba. Hapo mchwa wanakula.

2. Ukimwona mmoja anakwenda mbio peke yake akipapasa, huyo ni mpelelezi. Usimguse. Akipata mchwa hurudi shimoni moja kwa moja, kisha hutoka na kikosi cha mamia. Chomeka vijiti kando ya njia aliyorudia, maana kikosi kitaifuata hiyohiyo.

3. Kaa mita mbili pembeni, pumzi yako isiwafikie. Ukisikia mchakacho kama mafuta kwenye kikaango, umeshawaudhi. Rudi nyuma.

4. Wakienda, taya ni tupu. Wakirudi, wakubwa wamebana mafungu ya mchwa. Hapo usipepese macho: utaona sungusungu amejikunja, kichwa cha mchwa askari kimeng'ang'ania mguuni, amebebwa na mwenzake. Shimoni hulambwa kidonda. Aliyepoteza miguu mitano huachwa. Hajikunji, anafurukuta tu.

5. Sampuli: kumi kwa kibano laini, wakubwa kwa wadogo, ndani ya spiriti ya asilimia 95. Kesho yake badilisha spiriti, kwani maji ya miili yao huipunguza nguvu. Wengi huchukua wakubwa tu, na sampuli ya namna hiyo ni nusu sampuli.

MASWALI (kutoka wilaya za Tabora)

Urambo: Mwalimu, nitamtofautishaje na siafu?
Jibu: Siafu vibarua hawana macho, ni wekundu-kahawia, na huenda kwa maelfu. Sungusungu ana macho, ni mweusi, na hudunga kwa mwiba wa nyuma. Siafu hung'ata kwa taya.

Sikonge: Lebo yangu imefutika yote.
Jibu: Uliandika kwa kalamu ya wino, ndugu. Tumia penseli, na karatasi iingie ndani ya chupa: mahali, tarehe, mwinuko, aina ya pori. Lebo ya nje hubanduka.

Nzega: Wamepita uani kwetu mara mbili wiki hii. Tupulize dawa?
Jibu: Hapana. Watoto wasogee, wapite. Halafu inua zile kuni ulizolaza chini. Wanachokifuata kipo hapo.