Jinsi ya Kukisia Jina la Mtoto wa Mfalme

Redio ikitangaza kwamba mke wa mwana wa mfalme fulani ni mjamzito, huku kwetu Mkomani, Lamu, majina huanza kumwagika kabla taarifa ya habari haijaisha. Diana! Victoria! Aisha! Kila mtu hutaja jina alipendalo yeye, au alilompa bintiye. Hiyo si kukisia, ni kutamani. Mwenye kukisia hujiuliza mengine: nyumba ile inamkumbuka nani, inamstahi nani, na nani kafariki jina lake bado halijarudi.

Mimi nashona kofia, kazi ambayo mikono hushughulika saa nyingi huku masikio na fikra viko huru. Baada ya alasiri mashoga zangu huja uani, kila mmoja na kitambaa chake kilichokwisha chorwa penseli, na mazungumzo yetu makubwa ni nasaba. Nasaba nilifunzwa na bibi yangu mzaa mama. Akisikia nyumba fulani wamejaaliwa mtoto, siku ya saba haijafika, mbuzi wa akika hajachinjwa, yeye keshalitaja jina, na aghalabu huwa ndilo. Hakuwa mtabiri. Alijua nani ni somo wa nani, yaani nani kapewa jina la nani, basi. Njia yake nimeitumia kwa watoto wa wafalme wa Uingereza, Denmark na Jordan, na ndiyo ninayotaka kukuelekeza.

Chora nasaba, pande zote mbili

Chukua karatasi kubwa; mimi hutumia mgongo wa kalenda ya mwaka uliopita. Mtoto muweke chini kabisa, juu yake wazazi, juu yao babu na bibi wanne, kisha panda ngazi moja zaidi. Kila mtu muandikie majina yake yote, si lile aitwalo tu. Mfalme Charles wa Uingereza ni Charles Philip Arthur George. Mwanawe ni William Arthur Philip Louis. Ukimaliza, zungushia duara kila jina linalojirudia.

Wengi huchora upande wa kiumeni tu, kwa kuwa ndiko kwenye taji. Hapo ndipo mambo mengi hupotea. Angalia binti wa William na Catherine aliyezaliwa tarehe 2 Mei 2015, Charlotte Elizabeth Diana. Diana, marehemu mama yake William, kila mtu alimwona. Elizabeth watu walisema ni malkia, na ni kweli, lakini mama yake Catherine ni Carole Elizabeth, na Catherine mwenyewe ni Catherine Elizabeth. Jina moja limewatosheleza watu watatu, na hakuna mkwe wa kununa. Charlotte nalo ni Charles kwa umbo la kike, yaani babu kakumbukwa, na papo hapo ni jina la pili la Pippa, dada yake Catherine. Jina lenye miguu pande zote mbili lipe nafasi kubwa kuliko jina tukufu la upande mmoja. Nyumba ina amani likichaguliwa.

Na Denmark vilevile. Mtoto wa kwanza wa Mfalme Frederik na mkewe Mary, aliyezaliwa 2005, ni Christian Valdemar Henri John. Christian lilijulikana kabla hajazaliwa, maana huko tangu 1513 wafalme wamepokezana Christian na Frederik, na hata Malkia Margrethe alipoingia katikati, mwanawe aliitwa Frederik na mjukuu Christian, safu ikaendelea. (Wafalme wa Pate, kisiwa jirani yetu, nao hawakuona shida kurudia: historia yao ina Bwana Tamu Mkuu na Bwana Tamu Mtoto.) Lakini tazama mkia wa majina ya Christian. Henri ni la babu mzaa baba, aliyetoka Ufaransa. John ni la babu mzaa mama, kule Australia, mtu asiye na taji wala jumba. Kwa hiyo baba wa bibi harusi mwandikie nafasi ya nyuma kila mara.

Tofautisha jina la mbele na la nyuma

Kuna majina yanayokaa nyuma maisha yao yote. Arthur ni hilo. Mfalme George wa 6 alikuwa Albert Frederick Arthur George. Charles analo, William analo. Mwaka 2018 Catherine alipokuwa na mimba ya tatu, wacheza kamari wa London waliliweka Arthur juu kabisa. Kamari kwetu ni haramu na sichezi, ila hesabu zao huzisoma kwa sababu zinaonyesha umma unafikiri nini. Mtoto akaitwa Louis Arthur Charles. Arthur likabaki nafasi yake ya siku zote, ya pili.

Louis wengi walikuwa wamelifuta. Walisema kaka yake George tayari ni George Alexander Louis, haiwezekani ndugu wawili wagawane. Inawezekana. Jina la nyuma halijatumika likaisha, liko akiba. Usilifute kwenye karatasi yako.

Tafuta deni

Hapa ndipo ningependa ukae zaidi, maana ndilo moyo wa kazi yote. Kwetu Lamu mvulana wa kwanza mara nyingi hupewa jina la babu mzaa baba. Ni kanuni nzuri ya kuanzia, na kwa wafalme wa Kiarabu hufanya kazi vizuri. Mfalme Mohammed wa 6 wa Morocco ni mwana wa Hassan, mwana wa Mohammed. Mwanawe aliyezaliwa 2003 ni Moulay Hassan. Ungeweza kulitaja hilo ukiwa usingizini.

Lakini mtazame Mfalme Hussein wa Jordan. Baba yake alikuwa Talal. Mvulana wake wa kwanza alizaliwa Januari 1962, na kwa kanuni angeitwa Talal. Akaitwa Abdullah. Kwa nini? Rudi nyuma hadi Julai 1951, Msikiti wa Al-Aqsa, Jerusalem. Mfalme Abdullah wa 1 anaingia kuswali Ijumaa, mjukuu wake Hussein, kijana wa miaka 15, yuko ubavuni mwake. Babu anapigwa risasi mbele ya macho yake anakufa. Kijana yule naye alilengwa, na mwenyewe alisimulia kwamba risasi iligonga nishani kifuani pake. Mtu aliyepitia hayo, akija kushika mtoto wake wa kiume wa kwanza mikononi, atamwita nani? Mwaka uliofuata akazaliwa wa pili, Faisal, na Faisal lilikuwa jina la binamu yake, mfalme wa Iraq aliyeuawa katika mapinduzi ya 1958. Hayo ndiyo niitayo deni: mtu aliyeondoka vibaya au mapema, na nyumba haijamaliza kumlilia.

Basi ukishachora nasaba, weka alama kwa kila marehemu wa karibu, hasa aliyekufa ghafla, na aliyekuwa kama mzazi bila kuwa mzazi. Louis ni deni la namna hiyo. Lord Louis Mountbatten, aliyeuawa kwa bomu 1979, alikuwa kwa Charles kama babu. William akalipata jina lake 1982, kisha wajukuu wawili wa Charles wakalipokea. Waliomtafuta Louis miongoni mwa wafalme hawakumwona, kwa sababu hakuwa mfalme. Alikuwa mpendwa.

Jambo dogo linaloambatana na hili: itazame tarehe. Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, alifariki tarehe 14 Desemba 1861. Kitukuu kikazaliwa tarehe 14 Desemba 1895, siku ambayo bibi huyo aliiomboleza kila mwaka. Wazazi walikuwa na hiari gani? Mtoto akaitwa Albert, na nyumbani wakamwita Bertie; ndiye aliyekuja kutawala kwa jina la George wa 6.

Mzee wa nyumba asemaje

Usisahau kwamba wazazi hawaamui peke yao. Mwaka 1930 wazazi wa Malkia Elizabeth walitaka binti wao wa pili aitwe Ann. Babu, Mfalme George wa 5, hakulipenda. Wakamwita Margaret Rose. Lakini jina lililokataliwa halifi: miaka 20 baadaye, babu keshafariki, Elizabeth alimpa binti yake mwenyewe jina la Anne. Kwa hiyo ukisikia popote kwamba wazazi walitaka jina likazuiwa, lihifadhi kwa kizazi kijacho.

Mrithi na asiye mrithi

Mrithi hana uhuru mkubwa wa jina: jina lake litapigwa kwenye sarafu. Wadogo zake na binamu zake wana nafasi ya kupumua. Ndiyo maana Harry, mdogo wake William, na mkewe Meghan waliweza kumwita mwana Archie mwaka 2019, na binti Lilibet mwaka 2021. Lilibet wengi liliwapita, na halikustahili kuwapita. Lilikuwa jina la nyumbani la Malkia Elizabeth tangu utotoni. Mkaza mwana wa Kilamu angeliona upesi, kwani mtoto akibeba jina la baba mkwe, mama hawezi kulipigia kelele uani, "wewe fulani, acha hicho!" Atamwita Babu, au jina jingine la mapenzi, na hilo ndilo litakaloshika mtaani. Safu ya majina ya nyumbani iongeze kwenye karatasi yako.

Kuhusu mapacha sina mengi. Usitafute majina yanayofanana sauti. Wa Monaco, 2014, ni Jacques na Gabriella. Wa Denmark, 2011, ni Vincent na Josephine, na kila mmoja ana jina la Greenland, kisiwa kilicho chini ya Denmark, ndani yake, Minik na Ivalo. Nchi nayo hudai fungu lake.

Tukisie pamoja

Hussein, mrithi wa Jordan na mjukuu wa yule Mfalme Hussein, na mkewe Rajwa walijaaliwa binti Agosti 2024, wakamwita Iman. Ni jina la dada yake Hussein, kwa hiyo shangazi kapata somo. Wakija kujaaliwa mvulana, karatasi yangu inasema hivi. Babu mzaa baba ni Abdullah, na kanuni pamoja na historia ya msikitini vinalielekeza jina hilo hilo. Talal lingali linangoja. Upande wa kikeni, baba yake Rajwa, Khalid, alifariki Januari 2024, miezi michache kabla mjukuu hajazaliwa, nalo ni deni la wazi kabisa. Mimi naweka Abdullah la kwanza na Khalid la pili, na akifuata mvulana mwingine nalipandisha Khalid juu.

Andika kisio lako kabla mtoto hajazaliwa, tia tarehe, mpe mtu mwingine akuwekee. Kisha uwe na subira kulingana na nyumba. Louis alitangazwa siku ya nne. Denmark jina hufichwa hadi ubatizo: wale mapacha walizaliwa Januari, majina yakasikika Aprili. Likishatoka, soma majina yote hadi la mwisho ndipo uhesabu. La mbele ukilipata, andika moja kamili. Ukilipata nyuma, andika nusu, na ulifuate jina hilo hadi ujue ni la nani, kisha umwongeze mtu huyo kwenye karatasi kwa ajili ya mtoto atakayefuata.