Nishani haimo kwenye DD 214 yako: namna ya kuomba rekodi ya jeshi la Marekani isahihishwe

Mtu akigundua kwamba nishani yake haikuandikwa kwenye DD 214, hati anayopewa askari anapotoka jeshini, mara nyingi hukimbilia fomu DD 149 na kuituma kwenye bodi ya kusahihisha rekodi za jeshi. Anasubiri, kisha inakuja barua: nenda kwanza kwenye ofisi ya utumishi ya jeshi lako. Bodi ni mlango wa mwisho. Haitakusikiliza kabla hujapita kwenye milango mingine yote, kwa hiyo ujue kwanza tatizo lako ni la aina gani.

Nawaandikia wenzetu wa Afrika Mashariki waliovaa sare ya Marekani, wakiwamo walioingia na green card na wale waliopitia mpango wa MAVNI, uliokuwa ukitafuta watu wa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo. Wengi wetu tulitoka jeshini tukiwa na haraka ya kazi na shule, tukaitia sahihi DD 214 bila kuisoma.

Isome sasa. Nishani, medali na beji zimeorodheshwa kwenye kisanduku namba 13. Namba 12 ina tarehe zako na muda uliohudumu ng'ambo. Namba 18 ni ya maelezo ya ziada, na mara nyingi ndiko inakoandikwa nchi uliyopelekwa. Hakikisha unasoma nakala ya Member-4, kwa sababu Member-1 imefupishwa. Kama namba 18 inasema ulikaa Afghanistan miezi tisa na namba 13 haina medali ya kampeni ya Afghanistan, kesi yako ni nyepesi: ushahidi uko kwenye karatasi ileile. Medali hiyo, kama ile ya Iraq, kwa kawaida hudai siku 30 mfululizo au 60 za kukusanya.

Hatua inayofuata ni kuagiza faili lako zima la utumishi. Waliotoka miaka ya karibuni hulipata kupitia milConnect, tovuti ya wizara ya ulinzi. Wengine huomba kwa mtandao wa National Archives, hifadhi ya nyaraka za taifa, au kwa fomu SF 180, inayokwenda kwenye kituo cha kumbukumbu cha St. Louis, Missouri. Kwa kawaida askari mwenyewe halipi kitu. Kama unamshughulikia mzee wa enzi za Korea au Vita vya Pili, jiandae: moto wa tarehe 12 Julai 1973 uliteketeza kituoni hapo faili kati ya milioni 16 na 18, nyingi zikiwa za jeshi la nchi kavu. Rekodi za hospitali ziombe kando, maana si lazima ziwe kwenye faili hilo.

Faili likifika, utajikuta kwenye moja ya hali tatu.

Ya kwanza: nishani ilitolewa, amri yake ipo au masharti yake yametimia wazi, ila karani hakuiandika. Hapo huhitaji bodi. Andikia ofisi ya utumishi ya jeshi lako (kwa jeshi la nchi kavu ni Human Resources Command, Fort Knox), ambatisha ushahidi, omba marekebisho. Wakikubali watakutumia DD 215, karatasi ya marekebisho ya DD 214.

Ya pili: ulistahili, lakini hakuna aliyewahi kukupendekeza, au pendekezo lilipotea njiani na muda ukapita. Kwa nishani za ushujaa na za utumishi bora, sheria ya 10 U.S.C. 1130 inakuruhusu kupitia kwa mbunge wako wa Congress. Yeye ndiye anayewasilisha ombi, na jeshi linalazimika kulipima kana kwamba halikuchelewa. Lakini mbunge habuni pendekezo. Lazima liandikwe na mtu anayelijua tukio mwenyewe, hasa aliyekuwa kamanda wako, pamoja na maelezo ya mashahidi. Ofisi ya mbunge ina mtu anayeshughulikia mambo haya. Mpigie, usione haya.

Ya tatu: uliomba, ukakataliwa, na unaamini wamekosea. Sasa ndiyo zamu ya DD 149.

Tuseme kidogo kuhusu ushahidi, kwa sababu hapa ndipo maombi mengi yanapoanguka. Bodi huanza kwa kudhani kwamba jeshi lilifanya kazi yake sawasawa. Mzigo wa kuonyesha vinginevyo ni wako. Hadithi ndefu ya mateso haiwasogezi, karatasi huwasogeza. Tafuta amri za safari, tathmini za kazi za mwaka huo, kumbukumbu za kila siku za kikosi, na picha zenye tarehe. Hati za mshahara, zile LES, watu huzisahau, nazo zina nguvu sana: mstari wa posho ya hatari, iliyokuwa dola 225 kwa mwezi, unaonyesha ulikuwa wapi na lini. Kwa Purple Heart, medali ya waliojeruhiwa vitani, jeraha pekee halitoshi. Lazima liwe limetokana na adui, lilihitaji tiba ya mtaalamu wa afya, na tiba hiyo iliandikwa. Shahidi naye awe aliona kwa macho yake, na aeleze mahali, tarehe na alichokiona. Barua tano za marafiki zinazosema wewe ni mtu mwema hazifikii uzito wa ukurasa mmoja wa mganga wa kikosi.

Kwenye DD 149 andika ombi kwa sentensi moja iliyonyooka: "Naomba Combat Action Badge iongezwe kwenye DD 214 yangu kwa tukio la tarehe fulani, mahali fulani." Kisha eleza kosa ni lipi na kila kiambatisho kinathibitisha nini. Tuma nakala, asili baki nazo. Muda ni miaka mitatu tangu ulipogundua kosa. Ukichelewa, ombi halijafa: bodi inaweza kusamehe kwa maslahi ya haki, ila eleza sababu ya kuchelewa kwenye sehemu iliyotengwa, usiiache tupu. Saini yako ni tamko la kisheria, na kudanganya ni kosa la jinai. Kama askari amefariki, mjane au ndugu wa karibu anaweza kuomba akiambatisha cheti cha kifo na uthibitisho wa uhusiano.

Bodi za nchi kavu na za majini ziko Arlington, Virginia. Marines wanakwenda kwa ile ya majini. Jeshi la anga na Space Force wanatumia ya Joint Base Andrews, Maryland. Coast Guard wana bodi yao chini ya wizara ya usalama wa ndani.

Hakuna ada. Mtu akikuomba pesa "akusukumie faili", achana naye. Vyama vya maveterani kama DAV, American Legion na VFW vina wasaidizi wa bure. Na kabla ya kutuma, soma maamuzi ya zamani: bodi huyachapisha mtandaoni, majina yakiwa yamefutwa. Tafuta kesi ya nishani kama yako uone kilichowashinda wenzako.

Jambo moja la majina, maana linatuhusu sana. Kama jeshi lilikuandika jina la baba mahali pa jina la ukoo kinyume na pasipoti uliyoingia nayo, hilo ni kosa na linaweza kusahihishwa. Kama ulibadili jina siku ya kuapa uraia baada ya kutoka, bodi kwa kawaida hukataa, kwa hoja kwamba rekodi ilikuwa sahihi wakati ule. Ambatisha cheti cha uraia ili wajue ni mtu yuleyule, basi.

Sheria inataka maombi mengi yaamuliwe ndani ya miezi 10, na yasizidi 18. Wakati huo unaweza kutumiwa maoni ya ofisi ya jeshi kuhusu ombi lako. Yajibu ndani ya muda uliopewa, hata yakiwa yanakupinga, hasa yakiwa yanakupinga. Kikao cha ana kwa ana hutolewa mara chache. Ukikataliwa unaweza kuomba upya ukiwa na ushahidi ambao bodi haikuuona, au kwenda mahakama ya shirikisho. Ukikubaliwa, usitarajie DD 214 mpya: aghalabu utapata DD 215. Ibane pamoja na ile ya zamani, na kila unapotoa nakala, toa zote mbili.