Jinsi ya kuchanganua kazi za mradi: mfano wa ghala la korosho Newala

Miradi mingi ya vijijini huku Mtwara haikwami kwenye ukuta. Mafundi wa matofali, lenta na kenchi tunao. Hukwama kwenye vitu ambavyo havikuandikwa popote: ghala limepauliwa na rangi imekauka, ila mizani haijahakikiwa, chaga za kupangia magunia hazipo, na minada ya korosho, ambayo kwa kawaida hufunguliwa Oktoba, iko mlangoni. Hati inayozuia hali hiyo ni mchanganuo wa kazi, yaani mradi mzima uliogawanywa vipande vidogo vyenye namba, ambao wasimamizi wa miradi huuita kwa kifupi WBS (work breakdown structure). Huandaliwa kabla ya ratiba na kabla ya bajeti.

Nitatumia mfano wa chama cha msingi cha ushirika wilayani Newala kinachotaka ghala la kukusanyia korosho za wanachama.

Hatua ya 1: Andika sentensi moja ya kile kitakachokabidhiwa

Ukiandika "kujenga ghala", mradi wako utaishia kwenye bati. Andika hivi: "Ghala la kuhifadhi tani 200 za korosho ghafi, lenye vifaa na watu waliofunzwa, tayari kupokea mzigo." Yale maneno ya mwisho ndiyo yanayobeba nusu ya kazi ambayo huwa inasahaulika. Sentensi hii ndiyo ngazi ya kwanza, nayo hupewa namba 1.

Hatua ya 2: Gawa kwa vitu, siyo kwa vitendo

Bandika karatasi la manila ukutani, muwe na fundi mkuu, meneja wa chama, mjumbe wa bodi na karani wa mizani. Karani asikose. Anajua mambo ya msimu ambayo mchora ramani hajawahi kuyaona, kama foleni ya magunia siku ya mvua.

Swali la kuuliza ni hili: siku ya makabidhiano tutamwonyesha mwanachama nini? Majibu yawe majina ya vitu. "Kufuatilia kibali" mtu anaweza kukufanya mwaka mzima na kila kikao akaripoti kwamba anaendelea. "Kibali cha ujenzi kilichosainiwa" ama kipo mezani ama hakipo.

Kwa ghala letu, karatasi inaweza kusomeka hivi:

1 Ghala la korosho
1.1 Usimamizi wa mradi
1.2 Kiwanja na vibali
1.2.1 Muhtasari wa mkutano mkuu ulioridhia mradi
1.2.2 Hati ya kiwanja kwa jina la chama
1.2.3 Michoro na makadirio ya gharama
1.2.4 Kibali cha ujenzi
1.3 Jengo
1.3.1 Msingi na jamvi
1.3.2 Kuta, nguzo na lenta
1.3.3 Paa
1.3.4 Milango na matundu ya hewa
1.4 Maji
1.4.1 Maji ya ujenzi yaliyofikishwa eneo la kazi
1.4.2 Tanki na mifereji ya mvua
1.5 Vifaa vya ghala
1.5.1 Mizani iliyohakikiwa
1.5.2 Kipima unyevu
1.5.3 Chaga
1.5.4 Vizima moto
1.6 Watu na taratibu
1.6.1 Karani aliyefunzwa
1.6.2 Leja na vitabu vya stakabadhi
1.6.3 Mkataba wa ulinzi

Angalia maji yalivyopewa tawi lake. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, maji ni ya shida na mara nyingi huletwa kutoka mbali, ilhali zege halichanganyiki bila maji na likishamwagwa linahitaji kumwagiliwa siku kadhaa. Mradi huohuo ukiwa mahali penye bomba la uhakika, maji ningeyaficha ndani ya 1.3. Kwa hiyo usinakili mchanganuo wa mtu wa Dodoma ukabadilisha jina la kijiji.

Fundi atakuambia kwamba 1.6 siyo ujenzi. Ni kweli, ila ni mradi. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa kiwango chake cha kwanza cha michanganuo hii, MIL-STD-881, mwaka 1968. Katika kiwango hicho, ambacho bado kinahuishwa, mchanganuo wa ndege ya kivita hauishii kwenye kiunzi na injini. Una mafunzo, vipuri na usimamizi wa mradi wenyewe. Kama ndege inahesabiwa pamoja na mafunzo ya watu wake, ghala letu nalo lihesabiwe pamoja na karani wake.

Hatua ya 3: Jua pa kuacha kugawa

Kipande cha chini kabisa kinaitwa kifurushi cha kazi. Acha kugawa pale ambapo mtu mmoja anaweza kukibeba, gharama yake inakadirika, na kila mtu atakubaliana kuwa kimekwisha. Vitabuni kuna kanuni ya saa 8 hadi 80: kifurushi kisipungue saa 8 za kazi wala kisizidi 80. Kwenye kamati za kijiji mimi hupendelea kipimo kingine: kifurushi kiishe kati ya kikao na kikao. 1.3.2 pengine ni kubwa mno kwa kipimo hicho, igawe. Misumari ya bati ni bidhaa ya dukani, isipewe namba. Matawi si lazima yalingane kwa urefu.

Hatua ya 4: Jaribu asilimia 100

Mkungu una chane, chane ina ndizi. Ukizirudisha ndizi zote unapata mkungu uleule, haukupungua wala haukuongezeka. Soma karatasi kutoka chini kwenda juu kwa namna hiyo. Vifurushi vyote vya 1.5 vikikamilika, je, vifaa vya ghala vimekamilika? Hapo ndipo mtu hukumbuka turubai.

Kisha tafuta kilichoandikwa mara mbili. Mifereji ya mvua ni ya paa au ya maji? Chagua pamoja. Ikikaa pande zote itanunuliwa mara mbili, au, na hili ndilo la kawaida zaidi, kila upande utadhani mwenzake ameshanunua.

Hatua ya 5: Andika maelezo ya kila kifurushi

Mistari mitatu inatosha. Kwa 1.5.1: "Mizani ya jukwaa moja, imefungwa ghalani, ina stika ya mwaka huu ya Wakala wa Vipimo. Haihusishi matengenezo ya baadaye. Mhusika: meneja wa chama." Mstari wa "haihusishi" ndio unaozuia ugomvi, usiuruke.

Hatua ya 6: Funga karatasi, anza kutumia namba

Bodi ikishapitisha, hamishia Excel. Tarehe haziingii humu. Oktoba na mvua za Desemba ni mambo ya ratiba, ambayo sasa utaijenga kifurushi kwa kifurushi. Namba ndizo zianze kazi mara moja: kila risiti iandikwe namba nyuma, saruji ya msingi 1.3.1, bati 1.3.3. Mweka hazina atajua tawi gani linakula fedha kabla fedha hazijaisha.

Na mjumbe akija katikati ya kazi na wazo la umeme wa jua, usimkatalie wala usimkubalie palepale. Liandike kama 1.5.5, weka maelezo, gharama na mhusika, lipeleke kwenye bodi. Likipita, bajeti na ratiba zirekebishwe siku hiyohiyo. Lisipopita, namba ifutwe na fundi aambiwe asichimbie waya.