Jinsi ya kulichimba neno la Kigiriki "alogos" (usiishie kulikata vipande tu)

Haya wadau, leo neno moja tu, ἄλογος, lisome alogos.

Hatua ya 1: likate. Ile a- ya mbele ni "pasipo", logos ni neno. Kwa hiyo asiye na neno, bubu. Mimi kitambo niliishia hapahapa, nikasimama mbele ya darasa nikasema 2 Petro 2:12 inaongelea wanyama mabubu, mzee mmoja akaniuliza sasa mwalimu, jogoo wangu anayeamsha mtaa mzima saa kumi usiku naye bubu? Nikakosa la kujibu, yani alogos nikawa mimi.

Hatua ya 2: rudi kwenye logos yenyewe. Kwa Wagiriki logos ni neno, ni hoja, ni akili inayopanga hiyo hoja, na ni hesabu pia. Ukitia a- unaweza kuwa unaondoa chochote kati ya hivyo, ndo maana jogoo anawika na bado ni alogos, sauti anayo ila hoja hana. Sisi tukimwita mtu hayawani tunapita njia hiyohiyo.

Hatua ya 3: fungua kila andiko, Agano Jipya yako matatu tu so huna kisingizio. 2 Petro 2:12 na Yuda 10 ni wanyama wasio na akili. Matendo 25:27 ni Festo, yule liwali wa Kirumi, anaona haiingii akilini kumpeleka mfungwa kwa Kaisari bila kutaja mashtaka. Alafu nenda Agano la Kale la Kigiriki, Kutoka 6:12, Musa anasema "mimi ni alogos", na hapo ndo maana ya kusema inarudi kabisa, Kiebrania chake ni midomo isiyotahiriwa, jamaa analalamika hawezi kuongea mbele ya Farao, hasemi hana akili!

Hatua ya 4 (mimi ndo naipenda): pita kwenye hisabati. Euclid, yule mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, kwenye kitabu chake cha 10 anaita alogos baadhi ya mistari isiyopimika pamoja na ule mstari alioanza nao, yani hakuna kipimo kimoja kinachoigawa yote miwili sawasawa bila kubakiza. Waarabu wakatafsiri asamm, kiziwi, Walatini nao wakaandika surdus, kiziwi tena. Bubu kawa kiziwi njiani.

Hatua ya 5: usichanganye na alalos, ya Marko 7:37 na 9:17. Hiyo ndo bubu kwelikweli.

Na ukifika Ugiriki leo ukasikia mtu ana alogo shambani, usimuonee huruma, ana farasi.